Matunzo Bila Sharti

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua duka letu la Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla hapa Kampala, saa moja. Mabeseni yamefika kutoka Mombasa. Nimepokea mwenyewe, nimepanga mwenyewe. Kwa karatasi duka ni la mume wangu, Baba Akinyi. Sasa anaishi Lubaga, mtaa mwingine wa mji huu, na mwanamke mwingine, na talaka ameiomba yeye. Alhamisi tunakaa mbele ya msuluhishi tuzungumze matunzo yangu. Sina hofu. Labda kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Msuluhishi ni mama wa Kiganda, mpole. Wakili wa Baba Akinyi alinieleza kama mgonjwa. Mama wa nyumbani, hana kazi, asaidiwe. Nilichemka.

"Nnyabo, mama yangu, sema," msuluhishi akaniambia.

Nikasema. Duka hilo la Kikuubo tulilianza vita vya hapa Uganda vilipokwisha. Yeye alikuwa barabarani na lori, mimi nikiuza. Wakongo wanaokuja kununua jumla wananijua mimi. Baba Akinyi akaangalia viatu vyake.

Siombi sadaka. Nataka matunzo mpaka nisimame.

Jumatano, 12 Juni
Baba Akinyi na wakili wake wameleta ahadi. Pesa nyingi, kila mwezi, maisha yangu yote. Dada yangu Atieno alipiga vigelegele kwenye simu kutoka Kisumu.

Lakini kuna sharti. Nisifanye biashara tena Kikuubo.

Pesa hizo ni raha. Nazitaka. Nachukia kwamba nazitaka.

Ijumaa, 14 Juni
Nilimuuliza mbele ya wote: "Baba Akinyi, kama sina kazi, unanizuia kufanya nini?"

Wakili akamgusa mkono. Alichelewa, Baba Akinyi alishaanza kujibu.

"Mama Akinyi, ukifungua duka lako, wateja wote watakufuata."

Kasema kwa mdomo wake! Miaka yote hiyo hajawahi kunisifu.

Nimekataa pesa za maisha. Nimekubali matunzo madogo, ya miaka miwili, bila sharti lolote. Duka la zamani linabaki lake, na karo ya chuo ya binti yetu Akinyi analipa yeye. Nimetia sahihi. Nilishuka ngazi za ofisi ile kama bibi harusi. Atieno anasema nimerogwa. Aseme.

Alhamisi, 27 Juni
Nimepata chumba kidogo cha duka, kichochoro cha nyuma. Kikuubo hapa hapa.

Mvua tangu asubuhi. Sijauza kitu. Akinyi alipanda kiti akaandika jina juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Si Mama Akinyi. Consolata. Miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo.

Nikakaa chini ya jina hilo, nikanywa chai.