Sauti ya Mzee Sylvestre na Kompyuta Iliyokuwa Ikizimika

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, goti limetulia na chai iko karibu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Hamisi anakusalimu na anasema mawese uliyotuma kutoka Ujiji yamekwisha, eti kwa sababu yangu, wakati kila mtu hapa nyumbani anajua ni nani anayeyamimina kwenye maharage. Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaipokea ukiwa sokoni, unaniambia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, na hujasikia hata neno moja.

Uliniuliza kama ile kompyuta bado inanisumbua, ukaniambia niiuze nirudi kwenye cherehani. Mama, siiuzi. Sikiliza kwanza yaliyotokea.

Kazi yangu unaijua: napiga video za harusi na za kutoa mahari, halafu naziunganisha hapa nyumbani. Katika sherehe za huku, upande wa mume huja na msemaji wake wa kuomba mke, na upande wa mke nao huwa na wao wa kujibu. Hao wawili wakiijua kazi yao, watu husahau hata chakula. Msemaji niliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Sylvestre wa Kanyosha. Alifariki mwaka jana. Basi siku moja mjane wake, Mama Bella, akaja kuniambia kwamba familia inajiandaa kwa kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba, na kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kurekodi sauti ya mumewe. Alikuwa amewaombea wake watu wa mji mzima, yumo kwenye video za kila mtu isipokuwa zao.

“Mi sitaki foto,” aliniambia. “Foto iko ku mur, ku ukuta pale. Mi nataka anaongea. Nyuma ya ile siku apana tena kumulilia. Basi mbele ya kufunga kilio, nimusikie.”

Nilimkubalia papo hapo, kwa kuwa sauti hiyo ninayo mimi. Nikafungua video za zamani nikaanza kumkusanya kipande kwa kipande, na ndipo kompyuta ikaanza vituko. Naunganisha vipande vichache, kioo kinapepesa, kinakuwa cheusi, kisha mashine inajizima na kujiwasha upya kana kwamba mimi sipo. Kazi ambayo sijaihifadhi inakwenda na maji. Niliogopa, Mama, sikufichi. Siku ya kuganduka haisogezwi, ndugu walikwisha alikwa, na ikipita bila filamu basi imepita, huwezi kuja baadaye kumfungulia mtu msiba aliokwisha kuufunga.

Nikaipeleka mtaa wa Asiatique kwa fundi aliyeniuzia. Akapuliza vumbi, akaitazama, akasema kwa uhakika kabisa, “Iko virus. Tuformate yote, itakuwa mupya.” Maana yake kufuta kila kitu, na Mzee Sylvestre yumo humo ndani. Nilimshukuru, nikaifunga kwenye kitenge, nikarudi nayo kwenye teksi nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Ubishi wangu unaujua. Nikanunua megas, yaani intaneti ya siku, nikaunganisha simu na kompyuta, nikasoma ushauri wa watu waliopatwa na mambo kama yangu. Nikaelewa kwamba ndani kuna kadi inayochora picha kwenye kioo, na kadi hiyo ina kiprogramu kinachoiongoza, huku wanakiita pilote. Pilote isipoelewana na kadi, kioo kinakufa. Nikaona pia kuna mahali pa kurudisha pilote ya zamani. Nikairudisha, kazi ikaenda vizuri ajabu. Kesho yake nikanunua megas tena ili nimtumie Mama Bella kipande aonje. Kabla ya adhuhuri, kioo cheusi.

Nilikasirika mpaka nikacheka. Kisha nikajiuliza, mbona nikiwa sina megas mashine hii huwa na adabu? Hapo nikaikamata. Kadi yangu ni ya zamani, na kila ilipopata intaneti, kompyuta ilijichukulia pilote mpya kimyakimya, ambayo kadi haiiwezi. Nami kila ilipoharibika nilikimbilia kununua megas nitafute dawa. Yaani dawa nilikuwa naifuata kule kule ugonjwa ulikotoka.

Basi nikakata intaneti, nikaing’oa pilote mpya, nikairudisha ya zamani, nikaingia kwenye mipangilio na kuikataza kompyuta kujiletea nyingine bila ruhusa yangu. Hamisi naye nikamkataza kuiunganisha na simu yake, hata kwa ajili ya kutazama mpira. Alinuna, lakini filamu ilikamilika, na kioo hakikupepesa tena.

Siku yenyewe tulikaa chini ya hema uani kwa Mama Bella, nikachomeka flash kwenye televisheni kubwa. Mzee akatokea na kofia yake na utani wake, watu wakacheka huku wanafuta macho. Kipande cha mwisho kilikuwa cha harusi moja ya hapa Buyenzi, ambako aliomba kwa Kiswahili: “Tumekuja kuomba. Mutatupatia, ao mutatuacha turudi mikono mitupu?” Jibu la upande wa pili nilikuwa nimelikata, nikaacha kiza kidogo. Kioo kikawa cheusi. Hata mimi niliyekiweka hicho kiza, moyo ulinipiga.

Hapo akasimama Mzee Deo. Huyo ni kaka yake Mama Bella, na kwenye sherehe nyingi ndiye aliyekuwa akikaa upande wa pili kumjibu shemeji yake. Akavua kofia, akaiangalia televisheni.

“Tulikupatia dada yetu, Sylvestre. Ulimutunza muzuri. Sasa pumuzika.”

Mama Bella hakulia. Alitikisa kichwa kuitikia, kisha akasema vinywaji vigawiwe. Tangu siku hiyo majirani wananiletea kompyuta zao, nami kabla ya kugusa kitu nawauliza kwanza mara ya mwisho walinunua megas lini. Naona nimekuwa fundi.

Nisalimie baba mdogo, umwambie nimesikia habari za boti yake mpya. Nisalimie shangazi anayekupikia chai, na dada yangu mkubwa na wanawe, na yule jirani wa ukuta mmoja anayejifanya amenisahau.

Jambo la mwisho. Niliporudi kutoka Kanyosha nilifungua kompyuta nikakutafuta. Bujumbura nzima imejaa humo, bibi harusi, wazee, hadi wapishi wa watu. Wewe peke yako sikukuona. Nakuja baada ya Idi na kamera yangu. Usishone gauni jipya wala usisingizie mafua. Ukae hapo hapo barazani, unigombeze tena kuhusu ile cherehani, maneno yote mpaka yaishe, nami sitakukatiza.

Mwanao mbishi,
Mwajuma