Jumamosi Ulizompa Bronwyn

Baba yangu,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, hapa Penrith, na kutoka hapa naiona gereji ya jirani yetu Bronwyn. Mlango uko wazi. Nikiuona wazi hivi, moyo unanichoma vilevile kama ulipokuwa hai.

Ulipokuja Sydney baada ya Mama kufariki, nilijiambia sasa na mimi nitakuwa na baba. Utotoni mwangu ulikuwa fundi wa silaha jeshini, kule Nanyuki, na likizo zako zilikuwa fupi. Kila likizo ulifika, ukavua buti, nikazipiga rangi mpaka zikang'aa, kisha nikaketi karibu na kiti chako nikingoja useme neno. Ulisoma gazeti. Siku moja nilikuletea redio ya Mama iliyokuwa imenyamaza, nikaomba nikushikie bisibisi. Ukasema, "Nenda ukamsaidie mama yako jikoni." Nikaenda.

Halafu, ukiwa hapa Penrith, huyu Bronwyn, mwalimu wa shule anayeishi peke yake, akakuuliza kutoka ng'ambo ya ua kama ni kweli ulikuwa mwanajeshi. Alikuwa amerithi bunduki ya babu wa mama yake, aliyepigana nayo Vita vya Kwanza vya Dunia, na leseni anayo. Taabu ilikuwa moja: kila akilenga, risasi ilipita juu ya shabaha. Uliitazama kidogo tu, ukagusa kilengeo cha mbele, kile kipande chembamba cha chuma kinachosimama kwenye ncha ya mtutu.

"Kuna mtu alikipiga tupa zamani," ukamwambia. "Kimekuwa kifupi. Tutafute kingine."

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ikala Jumamosi zako zote za majira ya baridi.

Yeye alitaka kilengeo cha kisasa, chenye kitundu cha kuchungulia. Ukakataa, kwa sababu kukifunga kungehitaji kutoboa bunduki. "Chuma hiki kimetutangulia kuzaliwa mimi na wewe," ulimwambia. "Usikitie jeraha." Mkazunguka kwa wauzaji wa vitu vya kale mkitafuta kipande cha aina ileile, kirefu zaidi kidogo. Nilikuwa naanika nguo siku ulipomweleza: bunduki ikipiga juu, kilengeo cha mbele kirefushwe, ikipiga kushoto, kisukumwe hukohuko kushoto. Akacheka akasema mambo yako yamepinduka. Ukaanza upya, ukamchorea kwa chaki sakafuni. Hakuelewa. Ukaanza tena, na sauti yako haikupanda hata kidogo.

Mimi, Baba, hukuwahi kunieleza jambo mara ya pili.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini Blacktown, ambako nawatunza wazee wa watu wengine, nikapika ugali na sukuma wiki jinsi ulivyopenda. Binti yangu Makena akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Guka, babu yake, yuko kwa Bronwyn. Nikakufuata. Bunduki ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, katikati ya vipande vya mbao ili isikwaruzike. Bronwyn alishika kijiti cha shaba, mkono wako ukiwa juu ya mkono wake, mkikigonga kilengeo kipya taratibu kiingie kwenye mfereji wake.

Nilisema kwa Kiswahili, ili asielewe, "Baba, chakula kinapoa."

"Nakuja," ukasema. Hukugeuza shingo.

Tulipokuwa mezani nilishindwa kuvumilia. "Baba, mbona mimi hukunifundisha kitu chochote?"

Uliacha kutafuna. "Ulikuwa na mama yako. Nilipokuja likizo nilikuta mmetosheana. Sikujua niingilie wapi."

Nilitamani ungenidanganya. Nilinyanyua sahani nikaenda kuziosha, na mlio wa maji ulisaidia kuficha kilio changu.

Siku ya kuijaribu ile bunduki ulisisitiza niende nanyi uwanja wa shabaha. Risasi za Bronwyn zikatua karibu karibu, katikati kabisa. Ulipiga makofi hadi kofia ikakudondoka, naye akakukumbatia mbele za watu. Nami nilipiga makofi, meno nimeyabana.

Kabla miti haijachanua, ukalala na hukuamka. Katika ibada yako pale Blacktown mchungaji alimpa Bronwyn nafasi ya kusema. Akasema hajawahi kupata mwalimu kama wewe, kwamba ulimlea kama bintiyo. Akina mama wa Kikenya wakafuta machozi. Mimi niliyekaa kiti cha mbele niliwaza: Jumamosi amechukua, na sasa machozi ya watu pia ni yake.

Juzi aligonga mlango wangu. Tukanywa chai, na mazungumzo yakatuishia. Ndipo akaniuliza, "Grace, 'shiru' maana yake nini? Baba yako alikuwa akiniambia hivyo kila nilipokigonga kilengeo. 'Haya, Shiru, polepole.' Nilidhani ni neno la Kiswahili la upole."

Nilikiweka kikombe mezani. Tangu nilipoolewa ulikuwa ukiniita Mama Makena, kwa heshima, na hapa Sydney kila mtu ananijua kwa Grace. Tangu Mama alipozikwa sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwa mtu.

"Ni jina," nikamwambia.

"La nani?"

"Langu. La utotoni."

Bronwyn alijiziba mdomo. "Hata yeye hakujua kwamba ananiita hivyo," akasema. "Macho yake yalikuwa kwenye chuma tu."

Sijalala vizuri tangu hapo. Ulikuwa unanifundisha mimi, Baba, na mimi nilikuwa ng'ambo ya ua, nikianika nguo. Jina lilikuwa langu, lakini mkono uliouwekea mkono wako haukuwa wangu. Ungejua ninavyomwonea wivu! Kuliko hata zamani.

Jumamosi hii nitaingia kwenye ile gereji. Nitamwomba anionyeshe yote, tangu mwanzo, na nisipoelewa nitamwomba arudie.

Pumzika, Baba. Ardhi ya ugenini isikulemee.

Ni mimi, bintiyo.