Majani Yaliyokunywa Munkoyo

Mjukuu wangu Chola,

Mgongo unalalamika kwa kazi, lakini bibi yako amenitumia samaki kutoka Kasenga, nami nacheka peke yangu huku Lubumbashi.

Unauliza kwa nini gesi unayoingiza majini haisaidii majani ya akwariamu yako. Ujanani nilitunza akwariamu ya bosi. Majani yakawa manjano, akataka kunifukuza. Nikachukua jikoni chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, uliochacha, nikavuta gesi yake majini kwa mrija wa mpira. Mapovu makubwa yakapasukia juu.

Mpishi wa bosi akacheka: “Weye, unalisha majani ao unalisha hewa?”

Nikaziba mdomo wa mpira kwa kijiti laini chenye vitundu vidogo sana vya kupitisha gesi, nikaushusha chini kabisa. Mapovu yakatoka madogo kama vumbi, yakapanda polepole, yakayeyuka njiani. Baada ya wiki chache majani yalikuwa kijani, na kazi nikabaki nayo.

Mpishi akaja na kikombe: “Sasa rudisha munkoyo yangu!”

Nkambo wako