Kitambaa Cheupe cha Kufunikia Nyama

Kindu, 14 Novemba 2002

Mwanangu Aziza,

Salaam aleikum. Kama barua hii imekufikia huko Lubumbashi, aliyeibeba ni mtu mwema, mwombee. Mimi na mama yako tungali wazima wa mwili. Wewe je? Unakula?

Aziza, kaka yako Amuri hatunaye tena. Alivuka mto kwenda kutafuta muhogo Alunguli, na wenye bunduki wakasema ni mpelelezi. Walimleta sokoni wakamlaza juu ya meza yangu ya nyama, ile uliyokuwa ukiisugua ulipokuwa mdogo. Wakakataza mtu kumfunika, ili mji wote umwone. Mama yako alivua kitenge akamfunika, wakakitupa. Akakiokota, akamfunika tena, wakakitupa tena. Nilisimama pale na visu vyangu vyote na sikuweza kumsaidia.

Jioni walipoondoka tulimzika katika turubai. Njia zimefungwa, mji mzima hauna sanda. Mama yako anauliza jambo moja tu: mtoto wake atakwendaje kwa Mungu na turubai?

Uwe na subira kuliko mimi.

Baba yako,
Idrissa

*

Lubumbashi, 20 Januari 2003

Baba yangu,

Aleikum salaam. Mimi ni mzima, ila moyo si mzima. Barua yako imefika imelowa, nikaisoma huku majirani wamenishika.

Ningekuja leo hii. Treni haitembei, barabara haina mwenyewe, na kila ninayemwuliza ananicheka. Nimekaa tu, Baba. Mwambie Mama kwamba Mungu haangalii nguo. Najua hatasikia, lakini mwambie.

Mtoto wako,
Aziza

*

Kindu, 3 Machi 2024

Aziza mama,

Salaam nyingi kwako, kwa bwana na kwa wajukuu wangu wanaonisalimu kwa Kifaransa. Sisi hatujambo, uzee tu. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu mama yako anasikiliza, na masikio yake hayajazeeka hata kidogo.

Unajua miguu yangu imegoma. Kivuko cha kila siku kwenda sokoni kimenishinda, basi nimeanza kuuza nyama hapa hapa nyumbani Alunguli tulikohamia baada ya vita, barazani. Sikufikiri. Mama yako hajakanyaga soko tangu mwaka ule, wewe unajua kwa nini. Sasa nimemletea soko mlangoni. Asubuhi ya kwanza aliona mbuzi ananing'inia, akarudi chumbani, na hadi leo anatokea mlango wa nyuma, uso ukutani.

Nikatundika pazia letu la zamani, lile jeusi, mbele ya nyama. Akaja jirani yetu Philomène, mikono kiunoni: "Muzee Idrissa, unaficha nini? Kichwa iko wapi? Nyama ya kufichwa njo ile tulikulaka wakati ya vita!" Na ana haki. Wakati ule watu waliuziwa vipande gizani, hakuna aliyejua amekula nini. Tangu hapo Kindu haununui nyama bila kichwa cha mnyama kutundikwa kando yake mpaka kipande cha mwisho. Mwislamu anataka kukiona, Mkristo anataka kukiona. Mbuzi wangu aliozea nyuma ya pazia, nikamtupa mtoni.

Nikatoa pazia. Wateja wakarudi, na mama yako akaacha kula. Wanasema njia mbili zilimshinda fisi, na fisi mwenyewe alikuwa na miguu mizima. Nifanye nini, mama? Kazi nyingine siijui.

Baba yako,
Idrissa

*

Lubumbashi, 19 Mei 2024

Baba mpenzi,

Aleikum salaam. Wajukuu wako wanakusalimu, safari hii kwa Kiswahili, nimewalazimisha. Miguu inaendeleaje? Mama amekula?

Huku maduka makubwa yanaweka nyama kwenye frigo za kioo, imekatwakatwa, wala hakuna anayeuliza kichwa. Nilitaka kukutumia frigo, lakini frigo bila umeme ni kabati. Nimewaza sana. Naona pazia lako liliwatisha watu kwa weusi wake. Basi namtuma Dieumerci, kijana wa jirani yangu, anakuja na treni, akuletee kitambaa cheupe cha pamba, kipya kabisa. Nimekishona pindo mwenyewe. Funika mwili wa mbuzi wote, acha kichwa peke yake kionekane. Hivyo Mama haoni nyama, na Philomène anaona kichwa chake. Nzi nao watapata adabu.

Nilifurahi nikikishona, Baba. Kwa mara ya kwanza nimepata kitu cha kuwafanyia.

Mtoto wako,
Aziza

*

Kindu, 8 Agosti 2024

Aziza mama,

Salaam aleikum. Tuko. Usiogope kabla ya kusoma.

Kitambaa kilifika. Nilifunika kama ulivyosema, kichwa nje. Philomène akacheka: "Sasa njo muzuri!" Watu wakajipanga. Na mama yako akatoka, Aziza, kwa mlango wa mbele! Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mjinga mimi.

Alisimama akaangalia kile cheupe na kile kichwa. Akaingia, akarudi na beseni la maji. Akasema: "Bamemuleta. Na leo sanda iko." Akaanza kukiosha kichwa, masikio, macho, taratibu, kama anavyooshwa mtu. Kisha akavuta kitambaa akafunika na uso. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenunua. Philomène mwenyewe alikwenda kuleta jembe, tukamzika mbuzi mzima na kitambaa chake nyuma ya nyumba. Imamu akinilaumu, na anilaumu, wewe ungemzuia mama yako?

Jioni alikula, akaomba aongezewe. Alilala usingizi ambao sijamwona nao tangu vita. Nilikaa nikimwangalia, nikasema sasa imekwisha.

Jana nilitundika mbuzi mwingine, maana lazima tule. Akatoka tena kwa mlango wa mbele. Akakiangalia kichwa, akaniangalia mimi, akaniuliza kwa upole: "Na huyu? Kitambaa yake iko wapi?"

Nimemshusha mbuzi. Visu nimevifunga. Mama yako amekaa barazani, anaangalia njia ya kivuko, anamngoja Dieumerci. Sijui nikuambie utume kingine au usitume. Niambie wewe.

Baba yako,
Idrissa