Matairi ya Nurdin

Jumamosi, 30 Novemba

Gari limefika. Mairambek kalileta mwenyewe kutoka mjini. Jeusi, refu, mtu unalipanda kama unapanda farasi. Wanaume wa kijiji wamelizunguka kama bibi harusi. "Linavuta magurudumu yote manne!" — kasema mara kumi. Akalipandisha kwenye kilima cha nyuma ya zizi, theluji ya kufika magotini, likapanda bila kuguna. Wakapiga makofi. Kweli, linapanda.

Nikamwuliza matairi yake ni ya msimu gani. Akacheka. "Mke wangu, hili si lile kopo la baba yako."

Nilipobaki peke yangu nikayagusa. Magumu kama kwato. Ya kiangazi, kwenye barafu hayashiki.

Naona watu wamesahau upesi. Mimi sijasahau. Februari utatimia mwaka tangu wifi yangu Kanyshai ampoteze mumewe kule juu kwenye mlima wa Töö-Ashuu. Nurdin alikuwa upande wake wa barabara, anapanda polepole, matairi yenye misumari ya kuuma barafu, yote manne, mapya. Aliyemgonga alikuwa anashuka. Gari kubwa, linavuta kote kote. Matairi ya kiangazi. Alikanyaga breki, gari likaendelea kuja tu.

Kanyshai ni dada yake Mairambek, tumbo moja. Leo hakuja kuliona gari. Nilimwona dirishani kwake, kasimama, kisha akavuta pazia.

Alhamisi, 12 Desemba

Herufi zinakimbia. Wacha ziende.

Tulikuwa tunarudi kutoka dukani, mimi na Mairambek. Barabara nyeupe, imegandamizwa na malori mpaka inang'aa. Yeye anaendesha kwa kidole kimoja. Mara mzee Joldosh akatokea na farasi wake, anavuka. Mbali kabisa! Mtu angekuwa na muda wa kumsalimia. Mairambek akakanyaga breki.

Hakuna kitu. Yaani hakuna. Breki zinatetema chini ya mguu wake, kuta-kuta-kuta, na gari linateleza kama sahani mezani. Kimya. Hicho kimya ndicho kilichonitisha. Nilimwona farasi anakuwa mkubwa, nikaona mvuke wa pua zake. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Farasi akaruka yeye mwenyewe. Tukapita pale alipokuwa, tukaenda kuzama kwenye theluji ya pembeni.

Mairambek akashuka. "Samahani baba, barabara mbovu. Ila usijali, nitatoka tu, linavuta magurudumu manne."

Mzee alikuwa mweupe midomo. Akamwambia: Nani kakuuliza habari ya kuvuta? Mimi nilikuwa mbele yako, nilitaka lisimame!

 Nyumbani Mairambek akala, akawaambia majirani farasi wa Joldosh ni mjinga.

Jumatatu, 16 Desemba

Mambo mawili.

La kwanza, daktari wa wilaya kampima binti yetu Begimai, ana mimba kubwa. Mtoto amekaa kitako, hajageuka, na presha ya binti yangu inapanda. Kasema asizalie hapa bondeni, hawana chumba cha upasuaji. Avuke mlima kabla ya katikati ya Januari, akakae mjini karibu na hospitali. Mumewe yuko Moscow, kazini, anapiga simu kila jioni na kulia kuliko mkewe.

Avuke mlima. Daktari alisema kama mtu anayesema avuke chumba.

La pili, Mairambek kanunua matairi ya misumari. Nilifurahi — kisha nikahesabu. Mawili. Kayafunga mbele.

"Na nyuma?"

"Mbele ndiko kwenye usukani, Saikal. Nyuma kunafuata."

Sijui kwa nini, jibu hilo sikuliamini. Mimi si fundi. Naendesha gari dogo la marehemu baba humu humu bondeni, maziwa na viazi, basi. Mlima sijawahi kuupanda nikiwa kwenye usukani. Lakini mguu wa nyuma wa farasi ukiteleza, wa mbele unafanya nini?

Jumapili, 29 Desemba

Yuko hai. Naandika hilo kwanza. Yuko hai!

Mairambek alikuwa peke yake. Mteremko mdogo tu wa darajani. Anasema aliachia mafuta, akagusa breki kidogo, mbele kukashika vizuri sana — na nyuma kukaja kumpita. Ati aliona matako ya gari lake mwenyewe kwenye kioo cha pembeni. Likazunguka mara mbili, likapiga nguzo. Mfupa wa bega umevunjika. Gari linatembea, mlango wa nyuma umebonyea, taa moja imekufa.

Nimemvua shati kwa mkasi. Ananiangalia kama mtoto aliyevunja chombo. Sikumwambia "nilikuambia". Nilitaka. Nikamtilia chai.

Begimai kaona kila kitu, kakaa kitandani, mikono juu ya tumbo. Kasema polepole: Mama, mimi sivuki na gari hilo. Afadhali nizalie zizini.

Jumatatu, 6 Januari

Miguu ya Begimai imevimba, pete haitoki kidoleni. Anaona nyota. Daktari kwa simu: Leo au kesho, mama, usingoje. Gari la wagonjwa lilivuka Jumamosi na mgonjwa mwingine, kisha dhoruba ikaja na mlima ukafungwa. Liko upande wa pili. Wanasema Jumatano asubuhi watafungua kwa saa chache.

Nimezunguka kijiji. Mwenye gari zima hana matairi. Mwenye matairi hana gari zima. Tursun kajitolea kwa moyo mmoja, "Dada Saikal, mimi mlima ule naujua kama mfuko wangu!" — na saa tatu asubuhi ananuka vodka.

Basi nimebaki mimi.

Na matairi nayajua yalipo. Nimeyajua tangu Desemba, nikajifanya siyajui. Gari la Nurdin liko uani kwa Kanyshai chini ya turubai. Ubavu wa kushoto umeingia ndani, lakini magurudumu hayana hata mkwaruzo. Aina moja na hili jeusi la Mairambek. Rimu zile zile.

Nimekwenda. Alikuwa anakanda unga. Nikamweleza yote, kwa haraka, kama mtu anayekimbia kwenye daraja bovu. Hakuacha kukanda.

Kasema: Aliyeniulia mume wangu alikuwa na matairi kama ya kaka yangu. Mimi nilimwomba Mairambek afunge misumari siku ile ile gari lilipofika. Nilimpigia simu. Akaniambia nisimletee mikosi, gari lenyewe halijazoea uwanja wake. Sasa mje mchukue ya Nurdin?

Sikujua kama alimpigia. Mairambek hakuniambia.

Nikasema, wifi, si kwa ajili yake.

Kasema: Nenda nyumbani, Saikal.

Nimekuja. Mairambek kauliza, "Vipi?" Nikasema, kumbe alikupigia. Akageukia ukutani, na bega lake lile. Nimesikia anapumua vibaya.

Naogopa. Naogopa Begimai akizalia hapa. Naogopa akivuka. Naogopa kumkuta Jumatano hajaamka. Hakuna upande ambao siogopi.

Jumanne, 7 Januari

Asubuhi, mlio wa chuma uani. Nikatoka na shali tu. Kanyshai! Na kigari cha kuburuza kwenye theluji, magurudumu manne yamefungwa kamba. Kayafungua mwenyewe alfajiri, vidole vimechubuka, damu imeganda kwenye kucha.

"Leta jeki," kasema. "Usisimame hapo kama sanamu."

Mairambek akatoka, mkono umefungwa kifuani. Dada yake hakumwangalia. Akasema, "Dada, mimi..." Akamkata: "Shika tochi, nati za ndani sizioni." Akashika tochi. Alikuwa analia na tochi inacheza. "Tuliza mkono," akamwambia. Basi. Hayo ndiyo waliyosema.

Tumefunga manne. Nimepima upepo, baridi ilikuwa imeunywa, tukajaza.

Kisha uwanja wa mpira, mimi na Kanyshai. Alinipitisha yale aliyofundishwa na Nurdin. Nenda taratibu. Kanyaga breki. Tena. Hesabu hatua. Kwa matairi ya jana gari lingepita goli na kuingia kwa jirani. Leo — likauma! Lakini si papo hapo. Hatua kumi na nne. Nilidhani lingesimama kama kwenye lami.

Kanyshai akasema: Halisimami kama lami. Usije ukadhani linasimama kama lami. Kushuka ni gia ya kwanza, injini ikushike. Breki iguse kama unagusa mtoto aliyelala. Ukiteleza, angalia unakotaka kwenda, usiangalie korongo.

Nikauliza kama Nurdin naye aliogopa. Akasema, kila mara. Kwa hiyo alinunua misumari.

Anakuja nasi. Hajapita pale tangu Februari. Sikumwomba.

Jumatano, 8 Januari. Kwenye kizuizi

Wametupanga foleni. Upepo unapeperusha theluji kama moshi. Begimai alikubali alipoona misumari kote kote; kalala nyuma, kichwa mapajani kwa shangazi yake. Askari kapita anachungulia matairi ya kila gari. La mbele yetu, jeupe kubwa, dereva anabishana: Lina four-wheel, afande, lina four-wheel! Kageuzwa. Kwetu kainama, kapitisha glavu juu ya misumari, kaniangalia. "Unaendesha wewe, mama?" Nikasema ndiyo. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Mairambek kapiga simu mara tatu. 

Kizuizi kinapanda. Bismillahi.

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana

Naandika juu ya usukani. Nikikaa bure mikono itanigomea.

Kupanda tulipanda. Kupanda ni rahisi, sasa nimeelewa kwa nini wanaume wanadanganyika. Gari linakwenda, linakwenda, unajiona mfalme. Handaki linalotoboa mlima — giza, moshi, barafu inaning'inia juu. Kisha tukatoka upande wa pili na dunia yote iko chini. Kona juu ya kona.

Gia ya kwanza. Injini inalia, inashika. Kwenye kona ya nne Kanyshai akasema, "Ni hapa." Hakusema zaidi. Nilimwona kwenye kioo, macho wazi kabisa, mkono wake juu ya nywele za Begimai. Tukapita.

Kona ya saba nikateleza. Kidogo! Nyuma kukasogea kama mtu anayejigeuza usingizini. Nikaangalia barabara. Si korongo. Barabara. Likarudi. Nimeuma ulimi, mdomo una ladha ya sarafu.

Na sasa lori. Limelala kukata barabara, kichwa ukutani, mkia nje. Hakuna aliyeumia. Imebaki nafasi upande wa korongo, upana wa gari na kiganja. Wanaume wanamwaga changarawe na majivu. Nyuma yetu foleni. Uchungu wa Begimai umeanza pale handakini, sasa kila dakika kumi. Hapigi kelele. Ananiita tu, "Mama," kama anayehakikisha kwamba nipo.

Kijana mwenye kofia ya manyoya kaja dirishani. "Mama, shuka, nipe usukani nikuvushe. Mimi gari langu kama hili hili."

Kanyshai akashusha kioo cha nyuma. "Umefunga matairi gani?"

"Aa, yale yale liliyokuja nayo. Lakini linavuta yote manne, shangazi!"

"Hebu tuondokee hapa."

Akashuka yeye. Kaenda kupima ukingo kwa miguu, kisha kasimama mbele ya gari langu, kwenye ile nafasi, mgongo kwa mteremko, uso kwangu. Atatembea kinyumenyume anioneshe kwa mikono gurudumu lipite wapi. Kushoto kwake hewa tupu. Nikiteleza, wa kwanza ni yeye.

Nimefungua mlango nimemwambia: Kanyshai, toka hapo, kaa pembeni, nakuomba!

Akasema hataweza kuona matairi akiwa pembeni.

Nikamwambia hatua kumi na nne. Unakumbuka? Hatua kumi na nne.

Akasema: "Basi njoo polepole kuliko hapo."

Wanaume wameacha koleo. Begimai kasema "Mama." Kanyshai kainua mikono yote miwili, vidole vyake vimefungwa vitambaa, anaita, njoo, njoo. Nafunga daftari, natia gia ya kwanza.