Isale la Kwenda India

Kimandolu, Arusha
14 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Gadiel,

Pokea marahaba yangu mapema, maana wewe kuamkia mpaka ukumbushwe. Hali yako kwanza: joto la India umelizoea? Unakula ukashiba? Sisi ni wazima, na goti la mama limetulia.

Barua yako na picha za msitu zimefika, nikazitazama hadi chai ikapoa. Misaji mirefu, mianzi, ukungu wa asubuhi. Nilidhani ni msitu wetu wa Ngurdoto mpaka nilipoona nyayo za chui milia mchangani, kila moja kama sahani ya wali. Kweli mnapita hapo kwa miguu?

Na hao nyani wa sura nyeusi wanaopiga kelele juu ya mti wakimwona chui milia, swala wa madoa wakakimbia: swala wamejifunza wapi lugha ya nyani? Mbega wetu hutuona tukipita na hawamwambii mtu.

Sasa tembo. Mwezi uliopita walishuka tena kutoka hifadhini wakaangusha migomba yote ya juu kwa baba. Umeandika kwamba wa huko wana masikio madogo. Nao huingia mashambani? Wanakijiji wakiliwa mazao humlaumu nani?

Ukiona maswali yamezidi, si yangu yote. Ni ya baba. Baba yuleyule aliyekataa kukuaga ulipoacha kihamba, shamba letu la ukoo la migomba, ukaenda kusomea wanyamapori, akasema amelea wakili wa wezi wa ndizi zake. Miaka miwili hajalitaja jina lako, na mama amekonda kwa ajili hiyo. Lakini Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa namsomea mama barua yako, baba akasogeza kigoda mlangoni akijifanya ananoa panga. Nilipofika kwenye wale nyani akauliza bila kugeuka, "Kwa hiyo swala anaokolewa na nyani?"

Nikamwambia ndivyo ulivyoandika.

"Hebu rudia hapo."

Nilirudia hadi sauti ikakauka. Panga lilikuwa limenolewa zamani.

Jana amekuja hapa kwangu peke yake na mche mzima wa isale, mizizi na udongo wake, nikutumie. Nikamweleza kwamba udongo hausafiri kwa posta. Akachuma jani moja, akalipiga fundo mwenyewe, akanikabidhi. Wewe ni Mmeru, unajua anayeletewa isale hana budi kusamehe. Ila mimi sijawahi kuona mzazi akimpelekea mwanawe. Nililia, Gadiel, wala sikujificha.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Ndeshi, na mwanangu Kaanaeli anayeomba picha ya tausi. Mungu anayekulinda kati ya chui milia akurudishe salama kati ya migomba.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Hanna

N.B. Jani nimelikunja ndani ya karatasi hizi. Baba amebakiza swali moja: je, litakufikia likiwa bado la kijani?