Maji ya Sahani Moja

8 Januari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mume wako na wale watukutu wawili hawajambo? Mimi mzima, goti tu linanung'unika kila asubuhi kama mpangaji aliyepandishiwa kodi.

Huku ukame umetukaba koo. Manispaa wametoa amri: maji ya bomba ni ya kunywa, kupika na kuoga. Ukimwagilia nyasi za mapambo unakatiwa. Ruksa ni maji yaliyokwisha kutumika tu. Nikasema, hapo wamemkuta mwenyewe. Miaka thelathini na moja ya ufundi bomba si ya bure. Maji ya sinki na ya bafuni nimeyaelekeza kwenye nyasi za marehemu mama yako, pale mlipopigia picha za harusi.

Mkaguzi alikuja na fomu. Akauliza tunaishi wangapi, wajue maji machafu ya nyumba hii yanafika kiasi gani. Nikamjibu, "Wawili." Alishafika getini ndipo nilipotambua nilichosema. Nikashindwa kumwita.

Nyasi nazitunza mzikute Aprili, kama mlivyoahidi.

Baba yako

2 Februari

Shikamoo Baba,

Huku hatujambo, ila wodi imetuelemea, wauguzi wawili wameacha kazi. Goti lako limetuchekesha. Fomu haikunichekesha. Kairekebishe kabla hujaumbuka, Baba. Mama ametutoka mwaka wa nne sasa. Na nyasi ziache zikauke, ni nyasi tu.

Likizo ya Aprili sijaijua bado. Nitakuandikia.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Afya yangu si haba. Aprili imekuja na imepita, na barua sikuiona. Nimejiambia kazi ndiyo imekubana.

Ofisi ya maji nilikwenda. Dada wa kaunta alifuta ile mbili, akaandika moja, akaniambia kwa upole, "Mzee, kwa mtu mmoja nyasi hizi haziwezekani." Alisema kweli. Sahani moja, kikombe kimoja, sufuria moja: ukiosha vyote ndoo haijai. Kuna siku niliosha sahani safi. Nikaona aibu peke yangu, jikoni kwangu.

Zimekauka, mwanangu. Nimebakiza duara dogo chini ya kile kiti alichopenda kukalia mama yako jioni, hapo maji yangu yanatosha. Umesema ni nyasi tu, na labda ni kweli. Mimi nilitaka mzikute kijani, msione jinsi ninavyokaa. Upweke unaniuma, nisikufiche.

Baba yako

3 Juni

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya wodi, mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kuna msiba gani. Nisamehe. Likizo nilipewa, Baba. Niliogopa kukuta kiti cha Mama kitupu, nikabaki hapa nikilala mchana kutwa.

Tarehe ishirini na mbili tunafika wote wanne, kwa wiki tatu. Wajukuu zako hawajui kula bila kujimwagia. Siku hiyo usioshe vyombo, tuachie sisi.

Binti yako

20 Julai

Mwanangu mpenzi,

Hamjambo baada ya safari? Mimi mzima. Goti limenyamaza, nadhani lilichoka kupandwa na wajukuu.

Kwa zile nguo mlizofua, na yule mdogo aliyeogeshwa mara tatu kwa siku, nyasi zimetoka kitini zikafika karibu na ngazi. Siku ya pili ulipokikalia kile kiti sikusema neno. Nilihofia nikisema utainuka.

Sasa nimerudi kwenye sahani yangu. Mchana ni mrefu sana. Kandambili ya mdogo imebaki bafuni, nimeiacha pale pale alipoivulia.

Unakumbuka mkaguzi alivyokuja mkiwa mezani, akatuhesabu mwenyewe kwa kalamu, mpaka na mdogo chini ya meza? Jana nilipita mbele ya ofisi yao. Mlango ulikuwa wazi, na dada wa kaunta hakuwa na foleni. Fomu yangu bado inasema watano. Ilinipasa niingie nikairekebishe.

Nikapita zangu.

Baba yako